Hotuba ya Kuzindua Vyoo Kumi na Viwili vya Ufukweni

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, pamoja na Mheshimiwa uliyemwakilisha Mwakilishi huyo baada ya naye kupata dharura. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Ufukwe, Kamati Ndogo ya Ufukwe na Kamati ya Kuratibu Kamati. Viongozi wa dini, viongozi wa soko, wazee wetu wa mstari wa mbele mliopata viti na ndugu zangu mliosimama juani kwa uzalendo. Mama mkwe wangu mpendwa, shikamoo. Wanahabari, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, na unyenyekevu wangu mnaujua, kuzindua rasmi Feizi ya Kwanza ya Mradi Jumuishi wa Uendelezaji wa Ufukwe wa Umma, mradi ambao, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mimi mwenyewe nikiwa ndani ya gari, umefikia asilimia mia moja na nne ya utekelezaji, na hizo nne za ziada ni mchango wangu binafsi. (Kicheko nyuma.) Msicheke, hizo ni takwimu. Mji wetu unakua. Zamani mgeni akifika hapa alikuta mchanga na maji tu, basi. Leo anakuta miundombinu: viti vya kupumzikia mia tatu na arobaini, njia ya watembea kwa miguu yenye taa, njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, mnara wa mwokoaji, na zaidi ya yote vyoo kumi na viwili vya kisasa, sita vya akina mama na sita vya akina baba, vyenye maji ya bomba, vioo na sabuni inayotoka yenyewe ukiisogezea mkono. (Watu wanageuza shingo kutazama mchanga.) Msitazame huko, nitazameni mimi. Mhandisi wa mradi yule pale, mwenye kofia ya njano, simama wakuone. Haya, kaa.

Nikirudi kwenye vyoo, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa utalii endelevu... Naam, mama? Mama mkwe, tafadhali kaa, bado nahutubia. (Mama mkwe anasimama, anamnong'oneza mshereheshaji.) Mshereheshaji, mama anasema nini? Anataka nini? (Kicheko kikubwa.) Sasa hivi? Mama, jikaze kidogo, nakaribia ukurasa wa nne. (Mama mkwe: "Mkwe wangu, hili halina ukurasa!") Basi, basi. Dada muuza chai, wewe uliye karibu, hebu mshike mkono mama. Mpeleke. Mpeleke kule... unakojua wewe.

Wakati tukiwasubiri, niseme machache kuhusu huyu dada, maana ni stekholda wetu, yaani mdau muhimu. Kwa miaka kumi na sita aliweka meza yake hapa ufukweni, akauza chai na mayai ya kuchemsha, na kwa meza hiyo akawalea wanawe watatu. Nilimfuata mwenyewe nikamwambia, dada, pisha maendeleo miezi mitatu, utarudi ukabidhiwe kibanda namba moja. Hakubisha. Alijitwika meza kichwani siku ileile, akahamia nyuma ya gereji. Huo ndio moyo wa kujitolea! (Sauti: "Miezi mitatu ya lini?") Swali zuri. Litajibiwa kwa maandishi.

Naona wanarudi. Karibu, mama. Natumaini huduma zetu umezifurahia. (Mama mkwe anachukua kipaza sauti: "Huyu binti amenipeleka choo cha gereji, nyuma ya matairi. Mlango hauna komeo, amesimama kuushikilia kwa mguu hadi nimemaliza. Mkwe wangu, hivyo kumi na viwili viko wapi?" Kelele, miluzi.) Mama, vipo kimkakati. Tafadhali rudisha hicho kipaza sauti. Kwangu, mama, siyo kwa muuza chai!

(Muuza chai: "Mheshimiwa, mwaka na nusu umepita. Wateja wangu walikuwa watu wanaokuja kutazama maji. Gerejini hakuna anayekuja kutazama matairi. Binti yangu mkubwa ameacha masomo, anafua nguo za watu. Kibanda sikitaki tena. Naomba kurudisha meza yangu.")

Ahsante, dada. Umeongea kwa uchungu, nami nimekusikia kwa masikio yote mawili. Ombi lako limepokelewa, litachakatwa, litapelekwa kamatini, kisha kamati ndogo, isipokuwa nikudokeze tu kwamba meza ya mbao haiendani na mastaplani, ule mpango mkuu wa ufukwe wa kisasa... Dada, unakwenda wapi? Hatujamaliza. (Muuza chai anaelekea gerejini. Wanaume wanne wanamfuata. Wanarudi wameibeba meza juu juu, yeye nyuma na jiko na birika, wanaitua mchangani.) Wanahabari, msipige picha huko! Mstari wa mbele, kaeni! Mama, hata wewe? (Mama mkwe anabeba kiti chake, anakwenda kukiweka kando ya meza. Watu wanamfuata.)

Kwa kuwa muda haupo upande wetu, na watu pia, nihitimishe kwa kauli mbiu. Ufukwe wetu! (Sauti chache: "Fahari yetu!") Utalii wetu! (Sauti moja: "Riziki yetu!") Vyoo vyetu! (Wote, kutoka mezani: "Viko wapi?")

Mwisho kabisa ni shukrani. Namshukuru fundi seremala kwa jukwaa hili, ambalo, tuseme ukweli, ndilo jengo pekee tulilojenga, nalo linarudi kwake jioni. Namshukuru mhandisi, ambaye kwa kawaida ni fundi redio na kofia ameazimwa. Lakini shukrani za pekee zimwendee muuza chai, aliyehama kwa kunisikia tu nikisema. Mama mkwe amepaza sauti kutoka mezani kuuliza amri ya kumwondoa iko wapi. Nimemtazama karani wangu, aliyebaki hapa kando yangu, naye amefungua faili, amelifunga. Amri haipo. Haikuwahi kuandikwa, kwa sababu mradi wenyewe haukuwahi kuwepo popote ila mdomoni mwangu. Kwa hiyo, kisheria, dada, hakuna aliyewahi kukuhamisha, na sioni wa kukuhamisha leo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza, karani wangu na viti vyote mia tatu na arobaini.