Kopo la Maziwa Kwenye Dampo la Zamani

Jumamosi, 3 Februari

Hili sijawahi kumwambia mtu. Pete ya marehemu bibi niliitupa mimi. Miaka mitatu iliyopita nilifagia chumba cha mama bila kuombwa, nikakuta kopo kuukuu la maziwa ya unga, nikalitupa na taka nyingine. Kumbe pete ilikuwa ndani! Mama akamshuku mdogo wake, kwa sababu siku hiyo alikuja kututembelea. Tangu hapo hawasemeshani. Mama mdogo ni muuguzi kwenye zahanati ya mtaa wa pili. Mama akiumwa kichwa huenda zahanati ya mbali.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikanyamaza. Sasa nina kumi na mitano na bado nimenyamaza. Ila leo nina mpango! Fundi redio ameniazima kifaa chake cha kutafutia vyuma: fimbo, duara la waya, na boksi linalolia. Nimesoma vitabu viwili kuhusu sumaku. Dampo letu la zamani lilifungwa mwaka ule ule, likafukiwa udongo. Pete iko pale. Kazi ya siku moja. Nusu siku nikichangamka.

Jumapili, 4 Februari

Nina mshindani. Wanamwita Mama Vyuma. Anaokota vyuma chakavu pale dampo tangu sijazaliwa. Nilijificha kichakani kumpeleleza. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi namna ile! Kwanza anarusha vumbi kidogo aone upepo unakoelekea, ndipo achague pa kuanzia. Hapeleki mkono mahali ambapo uma wake wa shambani haujatangulia. Hachimbi kuingia chini ya ukingo. Huubomoa kutoka juu, usije ukamfunika. Kabla ya kunywa maji hunawa kwa sabuni hadi viwikoni, kama daktari anayeingia kupasua. Nimeandika yote. Kurasa nne.

Kisha akasema kwa sauti, bila hata kugeuka, kwamba kichaka kile kina siafu.

Alisema kweli.

Jumanne, 6 Februari

Baada ya shule nilienda na buti za kazi za baba, zile zenye chuma mbele ya vidole. Usalama kwanza! Hatua ya kwanza, kifaa kikalia. Nikachimba. Hakuna kitu. Hatua ya pili, kikalia tena. Nilichimba mashimo kumi na moja nikiamini nimesimama juu ya hazina. Mama Vyuma alikaa juu ya ndoo yake akanitazama, akacheka hadi akajishika mbavu. Akaniuliza, mwanangu, hiyo miguu yako unayoitafuta ilipotea lini? Kumbe kifaa kilikuwa kinasikia buti.

Nikamweleza natafuta kopo la maziwa. Sikusema kwa nini. Papo hapo nikaliona kopo, limefungwa, linang'aa! Nikalirukia. Akanichapa mkono kwa fimbo kabla sijaligusa. Akalifungua kwa ncha ya uma, uso ameugeuzia pembeni. Sindano za hospitali, tele. Nikaruka nyuma. Yeye, wala!

Akasema kesho ataniletea mabuti ya mpira yaliyoongezwa soli ya tairi. Hayana chuma hata chembe. Mpaka hapo nisikanyage dampo.

Ni mwanamke wa ajabu. Ningekuwa na nusu ya utulivu wake, hata darasani ningenyoosha mkono.

Jumatano, 7 Februari

Nilifika kabla yake. Nikawaza: buti zina chuma, chuma kinalia, basi vua buti. Hoja safi kabisa! Nikavua. Nikatembea pekupeku hatua sita, kimya kitupu. Nilijiona msomi.

Ya saba ilikuwa msumari.

Mama Vyuma alinikuta nimekaa chini nalia, mabuti ya mpira yakiwa kwapani mwake. Akanibeba mgongoni. Njia nzima alinisema: kichwa kimejaa vitabu, miguu umeiachia nani? Hakuuliza zahanati ipi. Akanipeleka ya karibu.

Mama mdogo akanisafisha kidonda, akanichoma sindano ya pepopunda, akanifunga bandeji. Kisha akanirudisha nyumbani mwenyewe. Aliishia mlangoni.

Ijumaa, 9 Februari

Leo mama mdogo alikuja kubadilisha bandeji. Aliingia ndani! Walianza kwa kuzungumzia mguu wangu tu, kama mafundi wawili na baiskeli moja. Halafu mama, macho sakafuni, akasema labda pete aliipoteza mwenyewe. Akamwomba mdogo wake msamaha. Wakalia wote wawili.

Nikafungua kinywa. Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye meno. Wakanigeukia.

Nikauliza sindano ya pepopunda inakinga kwa muda gani.

Mama mdogo akasema hii ni ya kwanza tu, nirudi baada ya wiki nne, na dampo nisilikanyage tena. Mama Vyuma naye ameapa akiniona tena atanitoa kwa fimbo. Huyo hana mzaha, ndiyo maana namheshimu. Lakini upande wa nyuma haendi, anasema taka za kule zinaungua chini kwa chini, ardhi imebaki tupu ndani na inafuka moshi. Kwa hiyo kule hawezi kuniona. Na nikiipata pete, nitasema nimeiokota tu njiani.

Wakaingia jikoni kupika pamoja. Niliwasikia wakicheka. Nikaifunika bandeji kwa mfuko wa plastiki, nikachukua kifaa, nikatokea mlango wa uani, nikaenda upande wa nyuma.