Mimi, Trela na Oveni ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe anahama Jumamosi. Mwenye nyumba anataka vyumba vyake. Mzigo wenyewe vitanda, magodoro, na oveni ya mikate, ile kubwa kama kabati, inayomlisha tangu afiwe na mumewe. Oveni ikiharibika, basi tena. Shemeji, kaka wa mke wangu, kajitolea kuibeba kwa pikapu yake. Pikapu, pikapu, kila siku pikapu! Harusi, pikapu. Msiba, pikapu. Mimi mwenye kigari naitwa kushika mlango. Safari hii hapana! Nimetangaza mbele ya wote kwamba oveni nitaivuta mimi, kwa trela. Mama mkwe akauliza kama nina trela. Nikasema liko njiani.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua trela. Kuukuu, magurudumu mawili, lakini lina sura ya kazi. Fundi kachomelea chuma cha kulivutia nyuma ya gari. Mke wangu kauliza nani kaniruhusu. Nikasifia mchuzi.
Jioni mazoezi ya kurudi nyuma. Nakata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto! Kiburi tu. Nimegonga pipa la taka la jirani mara mbili, mara ya pili nikilikwepa. Nimeamua: Jumamosi ni mbele tu.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaja bila kuitwa, mikono nyuma kama mkaguzi. Eti mzigo mzito ukae mbele ya magurudumu, upande wa gari, la sivyo trela litayumba. Eti mnyororo nao ufungwe, chuma kikichomoka trela lisikimbie. Eti likiyumba nisikanyage breki kwa nguvu, niachie mafuta taratibu. Thubutu! Anataka gari libonyee nyuma, watu wanicheke. Na mnyororo unakwaruza bampa. Nimeutumia kulifunga trela getini, asije akalichezea.

Jumamosi, 9 Machi
Mnyororo umebaki getini. Oveni nimeiweka nyuma kabisa, iwe ya kwanza kushuka, watu wajue nani kaileta. Magodoro mbele. Nyuma ya gari pakainuka. Safi sana, nikasema, limekuwa jepesi!
Mama mkwe akakataa pikapu, akapanda kwangu. Akasema ananiamini, mwanangu. Mwanangu! Miaka yote ya ndoa nimekuwa "huyo". Machozi yalinilengalenga. Nikaongeza mafuta.
Kwenye mteremko trela likaanza. Kushoto, kulia, kushoto. Gari nalo likafuata. Mama mkwe akang'ang'ania mlango, akaita marehemu wake wote kwa majina. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Kwaa!
Mara nikaona trela linanipita pembeni. Nikataka kumtukana dereva wake, kisha nikayatambua magodoro.
Lilishuka mteremko wote, likaingia kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu. Oveni kifudifudi, mlango umeng'oka, bomba la gesi limepinda.
Mama mkwe akakaa mchangani, akawa anaipangusa kwa mtandio wake. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Aliuliza tu Jumatatu atawaambia nini wateja wake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.
Shemeji akaja na pikapu, akaipakia oveni nyuma tu ya kiti chake, akaifunga kamba. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama mkwe akapanda huko. Mimi nikafuata nyuma na gari tupu.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji kashinda kwa mama mkwe akirekebisha mlango. Bomba jipya linakuja wiki ijayo. Hadi hapo, hakuna mkate. Nimepiga simu kumpa pole, kapokea shemeji. Nikamsikia mama mkwe anauliza kama ni huyo.
Mke wangu haongei nami, isipokuwa kuniagiza niliuze trela.
Nimetulia, nikafikiri kisomi. Trela likiwa na gari, linayumba. Lilipoachana na gari, likanyooka mpaka mchangani, halikutikisika hata kidogo! Sasa kosa ni la nani?
Nimemwambia mke wangu tuuze gari.