Chumba Namba Kumi na Mbili na Vyote Vilivyomo

Jumanne, tarehe 4 Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakianguka, Injinia aliamka katika kiti cha nyuma cha gari lake, ghorofa ya nne ya jengo la maegesho, akaona tangazo jipya ukutani: jengo hilo lililokosa wateja lingegeuzwa kuwa makazi. Injinia, ambaye maishani mwake hakuwahi kujenga kitu chochote isipokuwa hoja, alifunga tai, akavaa kofia ngumu ya mjenzi, akashuka kuuza vyumba.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mstaafu, mkoba kwapani, aliyechoka kuishi sebuleni kwa mkwewe. Injinia alimwonyesha nafasi namba kumi na tatu, akamsihi azitazame kuta ambazo bado hazijasimama. Mama aliweka limau sakafuni. Likabingirika hadi kwenye ngazi. Alipoelezwa kwamba mteremko ule ni wa kurahisisha kudeki, aliitikia kwa heshima kubwa. Kisha akauliza gari la namba kumi na mbili ni la nani. Injinia aliona haya kukiri kuwa ndicho kitanda chake pekee. Akajibu kwamba ni mali ya kampuni, na kampuni ni yeye.

Mkataba uliandikwa mezani kwa muuza chai. Kwa kuwa alipenda maneno mazito, Injinia aliandika: "chumba namba kumi na tatu, pamoja na vyote vilivyomo ndani ya mistari yake." Mama alifungua bahasha, akasita.

"Mwanangu, kumi na tatu haina hewa. Nipe ile ya pembeni, kumi na mbili."

Noti zilikuwa zimekwisha kuchungulia. Injinia alikata tatu, akaandika mbili, akatia sahihi. Mama akamsifu mwandiko.

Alasiri Injinia alirejea amevaa viatu vipya. Fundi vitasa alikuwa akibadilisha kufuli la gari, mlinzi wa jengo ameshika mkataba, na mama, kwenye kiti cha nyuma, anapima mapazia.

"Mama, humo ndimo ninamolala."

"Ulikuwa unalala. Nimechapa hati za ardhi miaka thelathini, baba. Hilo neno 'vilivyomo' ndilo lililonisomeshea watoto watatu."

Injinia alitaka kurudisha fedha, lakini nusu yake ilikuwa miguuni. Mama hakupokea nusu. Basi akaomba apangishwe. Akatajiwa kodi ya miezi mitatu, mbele.

"Nikopeshe mwezi huu tu, mama."

Mama alizungusha kioo kikapanda, ukabaki uwazi wa kidole.

"Sikopeshi mtu asiye na makazi ya kudumu."