Ekeko Mmoja, Mkubwa wa Heshima

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimeanza biashara ya kimataifa. Naandika tangu siku ya kwanza, ili watakaotaka kujua Fortunato Apaza wa El Alto alianzaje wasihangaike kuulizauliza.

Chanzo ni shemeji yangu, Wilfredo Choque, muuza kava za simu. Jana mezani aliuliza ni nani atakayelipa arbuni ya sketi ya dada yake. Nélida, mke wangu, anacheza ngoma ya sikukuu ya Gran Poder mwaka wa kumi na moja sasa. Doña Sabina, fundi wa sketi, anataka boliviano mia sita kabla ya Ijumaa ya tarehe 21. Zisipofika, sketi anapewa mwingine, na Nélida ataitazama ngoma akiwa amesimama kando ya barabara na wauza bisi. Nikasema nitalipa mimi. Wilfredo alicheka mpaka supu ikampalia.

Nélida hakucheka. Alinikabidhi mia mbili na hamsini, akiba yake ya kuuza api, uji wetu mtamu wa mahindi, na maandazi, akasema zilizobaki ziko juu yangu. Kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kazi sina tangu kiwanda cha vigae kifungwe. Akili ninazo.

Jumanne, 11 Machi

Mpango umekamilika. Kuna mnada kwenye simu. Unaweka kitu, watu wasiokujua wanagombana, wewe unavuna. Ajabu hakuna aliyewahi kulifikiria hili mtaani kwetu.

Swali ni kuuza nini. Mashine yangu ya kutoboa ukuta iko rehani. Televisheni ni ya Wilfredo. Amebaki Ekeko, mzee wetu wa bahati, wa plasta, mdomo wazi, mikono wazi, amebebeshwa vigunia vya sukari na vijigari na kila kinachotamaniwa duniani. Alikuwa wa bibi yake Nélida. Wiki kiwanda kilipofungwa, Nélida alinizawadia ili bahati inirudie. Ekeko mtu hajinunulii, hupewa. Nilipewa. Basi ni wangu, na cha mtu hakiulizwi.

Urefu wake ni shubiri moja. Nimetandika shuka jeupe, nikalala kifudifudi, nikampiga picha kutoka miguuni. Ametoka kama waziri. Nimeandika: Ekeko wa kale, mkubwa wa heshima. Kuna kisanduku cha kujaza vipimo. Nimekiacha wazi. Heshima haipimwi kwa sentimita.

Mnada umetaka boliviano kumi na tano za kufungulia. Umetaka tena arobaini za nyota, ili bidhaa ikae juu ya nyingine. Nimelipa zote kutoka zile mia mbili na hamsini. Mbegu haioti ikiwa mfukoni.

Jioni Nélida akampa Ekeko sigara yake, kama kila Jumanne na Ijumaa, akamweleza habari za sketi. Ekeko alivuta vizuri, moshi ukapanda wima. Mimi nilikuwa na shughuli dirishani.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna dau hata moja. Ukurasa umefunguliwa mara sitini. Mara hamsini na tano za hizo, mtazamaji ni mimi.

Wilfredo alipita kuja kunywa chai. Aliona simu yangu, akasema, shemeji, umeanzia boliviano moja, atakuja mtu akuchukulie mzee wa watu kwa bei ya pipi. Nikamwambia hicho ni chambo. Akauliza kama nimeshawahi kuvua. Kabla ya kuondoka aliupiga picha ukurasa wangu wa mnada. Wivu ni maradhi.

Alhamisi, 13 Machi

Dau! Bwana mmoja wa Santa Cruz ametoa mia mbili. Dakika tano baadaye akatokea mwanamke anayejiita Palomita, akatoa mia mbili na kumi. Bwana akapanda. Palomita akapanda. Kufikia mchana, mia nne.

Nilitembea sokoni taratibu, mikono nyuma, kama wafanyavyo wenye mali. Nimekula salteña mbili, sambusa za kuoka, kwa mkopo.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana wa Santa Cruz ameuliza Ekeko ana urefu gani. Nimemjibu kwamba inategemea anasimama karibu na nani. Ni kweli tupu. Amepandisha dau.

Nélida amekuwa mchangamfu leo. Aliniuliza mara mbili kama sina jambo la kumwambia. Nikamwambia akae tayari kwa furaha kubwa. Akasema yuko tayari tangu Jumatano.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya ushindi. Mnada ulifungwa saa sita mchana. Nilikaa kwenye benchi la genge la Nélida ili moyo upate pa kuegemea. Mia saba. Mia tisa. Elfu moja na mia moja. Bwana na Palomita walikuwa wakikatana koo. Nélida naye hakuwa na msaada wowote, macho kwenye simu yake, kidole kinaruka, wateja wanadai api na maandazi yanaungua. Nilimwambia biashara haiendeshwi hivyo. Akasema ninyamaze kidogo, ana kazi.

Elfu moja na mia nne. Palomita ameshinda.

Nilisimama juu ya benchi. Mama mmoja aliyekuwa akinywa api alinishika suruali akidhani naanguka.

Dakika tano baadaye mnada ukakata kamisheni yake, boliviano mia moja sitini na nane, kabla mimi sijaona hata senti ya Palomita. Nimeuliza. Wamejibu kwamba ada ni ya kumaliza mnada, si ya kulipwa, na kwamba imo katika masharti niliyokubali. Masharti ni kurasa kumi na tisa. Mimi nilisoma kichwa.

Si neno. Mwenye elfu moja na mia nne halii kwa mia.

Jumapili, 16 Machi

Palomita ameandika. Mwanamke wa adabu. Anasema Ekeko hanunuliwi kwa kutuma hela benki, bahati itakatika. Hela lazima zipite kwenye moshi wa uvumba, zitiwe katika bahasha, zifike mkononi. Nami lazima nitangulize mzee, aingie kwake kama zawadi. Ameambatanisha picha ya mabunda ya noti juu ya kitambaa chekundu. Mabunda mengi. Yamejaza picha nzima.

Mnada unaonya kwa herufi kubwa kwamba bidhaa isitumwe kabla ya malipo. Lakini hao wanaandikia wageni. Mimi ni mtoto wa hapa, mila ninazijua.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemfunga Ekeko ndani ya sweta, ndani ya sanduku. Nilipomfunika uso niliona lile pengo kwenye sharubu la kushoto, alipoanguka kutoka mikononi mwangu siku Nélida aliponikabidhi. Nilikaa kidogo na sanduku mapajani. Kisha nikakumbuka sketi.

Sanduku lilikuwa boliviano kumi na mbili, nauli ya basi hadi Oruro ishirini. Mfukoni nilikuwa na ishirini na saba. Wilfredo alinikopesha tano bila hata neno la kejeli, jambo lililonitia wasiwasi. Alisisitiza tu niliandike vizuri jina la mpokeaji ambalo Palomita amenitumia: W. Choque. Nikamwuliza kama ni ndugu yake. Akasema, shemeji, akina Choque tumejaa nchi hii kama viazi. Ana hoja.

Kwenye rafu ya Ekeko nimeweka chupa ya haradali, nikaivika kofia ya sufu. Kwa mbali, huwezi kutofautisha.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya sigara. Nilijificha nyuma ya gazeti.

Nélida alisimama mbele ya chupa ya haradali. Akairekebisha kofia. Akawasha sigara, akaichomeka kwenye mdomo wa chupa, akaiambia, mzee, umekonda sana wiki hii, bila shaka ni mawazo. Kisha akaenda kuosha vyombo. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Mafua, nadhani.

Hakugundua kitu. Nina kipaji ambacho sijakitumia hata nusu.

Alhamisi, 20 Machi

Bahasha imefika. Ameileta Wilfredo, ambaye jana alikwenda Oruro na kava zake, anasema alikabidhiwa stendi. Ni nyepesi. Nikajiambia noti kubwa hazina uzito.

Ndani mna noti za mchezo za Alasitas, soko la vitu vidogo vya bahati. Zile tunazonunua Januari, ukubwa wa kiberiti, kumwomba mzee atuletee za kweli. Mabunda saba. Kwa hesabu ya juu juu, boliviano milioni mbili ambazo haziwezi kununua andazi.

Na barua: Bwana muuzaji, katika picha yako mzee ana urefu wa mtu. Aliyefika anaenea kwenye kiatu. Nami katika picha yangu nilikuwa na hela nyingi. Tumelipana kwa kipimo kimoja. Palomita.

Nimemshtaki Palomita kwa mnada. Umejibu kwamba nilituma kabla ya kulipwa, na vipimo sikuandika. Palomita naye amenipa nyota moja, na maneno: Ana moyo mzuri, apewe rula.

Kesho ni tarehe 21. Sina mia sita. Sina mia mbili na hamsini. Nadaiwa tano, na salteña mbili. Mke wangu atasimama na wauza bisi, na aliyemsimamisha huko ni mimi. Naona aibu, naiandika hapa kwa sababu siwezi kuitamka.

Ijumaa, 21 Machi

Nilirudi nyumbani mchana nikiwa nimejiandaa kukiri kila kitu. Hotuba nilikuwa nayo. Ilianzia kwenye kufungwa kwa kiwanda.

Ekeko alikuwa kwenye rafu.

Mdomo wazi, mikono wazi, sigara inawaka. Pengo la sharubu palepale. Shingoni ametundikiwa sketi ndogo ya kitambaa, na chini ya miguu yake stakabadhi ya Doña Sabina: mia sita, zimepokelewa. Wilfredo alikuwa akiikodolea dari macho. Nélida alikuwa akikoroga supu.

Nilikiri. Nilimaliza hotuba yote. Nélida akasema alijua nitafanya kitu, hakujua kitu gani tu, ndiyo maana alikuwa ameshaweka mia sita nyingine kando. Nikauliza basi zile mia mbili na hamsini zilikuwa za nini. Akasema, hizo ni karo yako, mume wangu, soma. Kisha akaacha kukoroga. Akasema alinipa mzee wa bibi yake kwa sababu usiku ule wa kiwanda nililia, na hakutaka nilie peke yangu tena. Sauti yake haikuwa ya mzaha. Nikasema moshi wa sigara unaniumiza macho. Akanipa ncha ya shali lake nijifute.

Tulikula supu. Ilikuwa nzuri.

Lakini baada ya chakula nilikaa mbele ya Ekeko na kufikiri kama mfanyabiashara. Mzee alikwenda Oruro. Mzee amerudi. Nélida anasema labda alikumbuka nyumbani. Bidhaa unayoiuza, inakwenda, kisha inarudi yenyewe! Hakuna mtu duniani mwenye mali ya namna hii. Kosa la kwanza lilikuwa vipimo tu, na sasa nimejifunza.

Nimefungua mnada mpya. Ekeko wa kale, mkubwa wa heshima, shubiri moja. Kumi na tano na arobaini za mnada amenikopesha Wilfredo, kwa furaha. Jikoni Nélida anacheka peke yake na simu yake.

Hata dakika mbili hazijapita, dau limeingia. Boliviano moja, kutoka kwa Palomita. Wengine huchukua miaka kumpata mteja wa kudumu.