Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 15 Septemba
Karugendo tena! Amehamia kufundisha kwetu kutoka Muleba mwezi jana tu, na tayari shule nzima inaimba namba yake. 12,345,679. Zidisha kwa tisa, unapata 111,111,111. Watoto wakapiga makofi. Annastella, mwalimu wa Kiswahili, ambaye hajawahi kuniuliza swali hata moja la hisabati, akaomba aandikiwe kwenye kiganja. Kwenye kiganja! Na Ijumaa, Siku ya Hisabati, anatangazwa mkuu mpya wa idara yetu ya hisabati. Nafasi hiyo ni yangu. Nimeisubiri tangu Karugendo yuko kidato cha pili. Nina wivu, na sioni sababu ya kujidanganya humu ndani.

Jumanne, 16
Nimemkamata! Namba yake haina nane. Inaruka kutoka saba hadi tisa. Nikakimbia kumshtaki kwa Madam Georgina, mkuu wa shule. Akasema ndiyo utamu wake. Basi nikawahi darasani, nikaichomeka nane ubaoni kabla Karugendo hajaingia. Jibu likaharibika: 1,111,111,101. Nikajibanza dirishani nione anavyoumbuka. Akacheka! Akawauliza watoto hiyo sifuri imetokea wapi. Wakaitafuta kipindi kizima. Madam akapita, akasema hajaona somo zuri namna hiyo. Nimerudi nyumbani Kitendaguro, hata ebitoke, ndizi zetu za kupika, hazikushuka.

Jumatano, 17
Sasa nami nina namba. 1,000,001. Isome kutoka kushoto au kulia, ni ile ile. Tena ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimejaribu kuigawa kwa tasa zote, kuanzia mbili hadi 97. Kanuni inataka nifike 997. Nani ana muda huo? Namba iliyozikataa zote hizo itaikubali ipi? Nimenunua rangi nyekundu ya mafuta, nimeandika kwenye ukuta wa ofisi ya walimu: 1,000,001 NI TASA. Inaonekana mpaka barabarani.

Ijumaa, 19
Wazazi walijaa. Nikatangaza kwamba atakayeigawa namba yangu achukue yeye idara. Annastella akanitazama. Mara ya kwanza! Karugendo akainuka, akaniita kaka, akaomba radhi, akasema 101 mara 9,901. Watoto wakazidisha kwa sauti. Ikatoka sawasawa. 101! Tasa inayofuata baada ya 97! Madam akasema nimeshaigawa idara mwenyewe mbele ya wazazi, na rangi ya kufutia ukuta nitajinunulia.

Jumapili, 21
Nimepaka ukuta mara mbili, wekundu bado unachungulia. Lakini baada ya misa nimepata habari njema! Kule Muleba, shule aliyotoka Karugendo inatafuta mkuu wa idara. Naenda kesho, na namba yangu ninayo. Kosa lilikuwa uchache wa sifuri, kwa hiyo nimeongeza moja: 10,000,001. Tasa kabisa! Nimeijaribu kwa mbili, tatu, tano na saba, zote zimeshindwa. Kumi na moja nimeiacha. Wanafunzi aliowafundisha Karugendo watafikaje mpaka huko?