Upinde Mnene Kuliko wa Osward

Jumatatu, 10 Machi 2025
Nguruwe pori tena. Mistari minne ya mahindi ya bondeni imelala chini. Ketrina alisimama akatazama, hakulia. Afadhali angelia. Amesema shamba hilo ndilo chakula chetu mpaka mwakani, na wakila tena, yeye na watoto wanahamia Isongole kwa kaka yake Ipyana. Huko angalau kuna mwanaume anayelala shambani.

Nimemwambia kulala shambani ni kazi ya mtu asiye na akili. Mimi natafuta upinde! Mtendaji wa kijiji ameniruhusu, mradi nisitoke shambani kwangu na nisilenge kingine zaidi ya nguruwe. Hakuniuliza kama najua kulenga.

Jumanne, 11 Machi
Itumba, kwa Mzee Gwalugano, fundi wa pinde. Nimekwenda na jogoo wa Ketrina kwa kubadilishana. (Hajui.) Mkosi gani huu! Nimemkuta Osward, jirani ninayepakana naye bondeni. Kaja kwa shida ileile.

Mzee alimpa pinde tatu, akamwambia avute kila mmoja mpaka kidevuni, ashikilie huku akihesabu hadi kumi. Osward akachagua mwepesi kuliko yote. Upinde wa watoto! Nikacheka wazi.

Mimi nikaomba ule mnene wa ukutani. Mzee akasema, "Mwanangu, huo ni wa mtu aliyevuta miaka mingi. Anza na mwepesi, mkono ukizoea njoo tubadilishe." Mbele ya Osward! Nikauvuta. Ugwe, ile kamba yake, ulisogea kama upana wa kiganja. Nikasema unanitosha. Mzee akanipa mishale mitatu na onyo: ukimaliza kazi, legeza ugwe, upinde upumzike. Maneno mengi kwa jogoo mmoja.

Alhamisi, 13 Machi
Mazoezi. Mshale wa kwanza uliangukia mguuni kwangu. Wa pili hatua sita. Wa tatu sijauona mpaka sasa. Ugwe umenichapa mkono, umevimba.

Osward kila jioni anapiga mgomba wake. Mgomba uleule, mahali palepale. Huko si kuwinda, ni kuonea mgomba.

Ketrina ameuliza jogoo yuko wapi. Nimesema labda nguruwe. Hajawahi kunitazama hivyo tangu tufunge ndoa.

Ijumaa, 14 Machi
Wazo! Pinde za wazee wote ni nyeusi kwa moshi, maana hukaa juu ya moto jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu. Wangu mweupe. Hata nguruwe anaona ni wa mtu anayejifunza. Nimeutundika chini kabisa, karibu na moto, nikaongeza kuni. Ugwe nimeuacha umekazwa, ili anayeingia aone ni upinde wa kazi. Nitasema ni wa babu.

Jumamosi, 15 Machi
Osward kapiga nguruwe. Kwa ule upinde wa watoto! Ametuletea paja zima, na Ketrina akamshukuru mara tatu. Akaniomba tulinde mashamba yote mawili kwa zamu, kwa sababu sasa wakifukuzwa kwake wanaingia kwangu. Nimekataa. Nimemjibu kuwa mwenye upinde wa babu halindiwi shamba.

Nyama ilikuwa nzuri. Niliila kwa uchungu.

Jumapili, 16 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Baada ya ibada niliwaita wanaume waje uani kuona upinde wa babu. Mzee mmoja akasema babu yangu alipiga tarumbeta kanisani maisha yake yote, upinde aliutoa wapi? Nikavuta kwa nguvu zote, nifike kidevuni. Upinde ukalia kaa! Vipande viwili. Kimoja kikanipiga sikio. Osward akaokota, akanusa, akasema taratibu kwamba umekaushwa na moto ukiwa umekazwa. Hakucheka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatatu, 17 Machi
Bondeni hakuna kitu. Shamba zima. Wamekula mpaka mstari wa mwisho, wakaacha nyayo tu.

Ketrina amefunga mizigo bila kelele. Mlangoni alisema, "Nathanaeli, jogoo ningekusamehe. Ungelala bondeni hata siku moja tu." Mtoto mdogo alinipungia mkono mpaka kwenye kona. Nimebaki na majivu jikoni.

Jumanne, 18 Machi
Nimelia asubuhi. Hakuna wa kuniona, kwa hiyo nililia vizuri.

Osward amepita, ameuliza kama nataka anilindie viazi vya mlimani, ndivyo vilivyobaki. Tena akasema ataniazima upinde wake nijifunzie. Ule! Nimemwambia asijisumbue.

Nimekaa nikafikiri kwa kina, na kosa nimelipata. Upinde ulikuwa mwembamba. Nyuma ya mlango wa Mzee Gwalugano niliuona mwingine, mnene kuliko ule, na mzee mwenyewe alisema hajatokea wa kuuvuta. Kesho alfajiri naenda Itumba. Ketrina ameacha tetea mmoja. Nikishaupata, naupitisha Isongole begani, Ketrina auone kwa macho yake.

Na safari hii siuweki jikoni, nimejifunza. Nitaukaza vizuri, niuache juani.