Asumini kwenye Bakuli la Komba

Jumatatu, 2 Septemba
Nimeficha jambo. Nina miaka themanini na mmoja, moyo unadunda kama jenereta bovu, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali. Naliandika hapa, mwanangu Habiba alisome nikishazikwa. Komba wa mtaa wetu hapa Bagamoyo hawajala hata ndizi moja ya majirani. Nimezila mimi.

Nia ilikuwa safi. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na minne. Wiki iliyopita niliwaomba majirani waache kuwapiga komba mawe, na kila nyumba iweke ukutani bakuli la maji na ndizi mbivu. Shuaibu, jirani wa kulia, alicheka. Komba wamemmalizia mapapai, na ana mtego wa waya. Akasema ndizi zisipoliwa, anatega.

Alfajiri ya kwanza natoka msikitini, mabakuli yote yamejaa. Komba aliyezoea mawe haamini bakuli. Ningefanyaje? Nilikula tatu. Za Bi Dija zilikuwa ndizi kisukari. Mimi nina kisukari. Nikamaliza.

Jumatano, 4 Septemba
Mtaa una furaha. Mtego wa Shuaibu bado umetundikwa ukutani kwake.

Tatizo ni ukarimu. Bi Dija amesema mgeni hapewi ndizi tupu kama mfungwa. Ameweka vitumbua. Nyumba ya pili ikajibu kwa kalimati za shira. Niliwaeleza kitaalamu kwamba komba hafai kupewa sukari wala mafuta. Niliwaeleza kwa sauti ya chini sana.

Hapo nikafanya kosa. Bakuli la mtu halirudi tupu. Mama yangu alinifunza hivyo kwa makofi. Mkono wenyewe uliingia mfukoni, ukatoa asumini niliyochuma dirishani kwetu, ukaiweka bakulini.

Ijumaa, 6 Septemba
Siku tatu mfululizo nimeweka asumini. Siwezi kujizuia.

Baada ya sala ya Ijumaa, gumzo ni hilo tu. Shuaibu amesema komba huyo amelelewa vizuri kuliko wanawe. Bi Dija ameniuliza, shikamoo Mwalimu, hivi komba huchuma maua? Nikasema marahaba, sayansi bado inachunguza. Akanitazama muda mrefu.

Wengine wamesema huyo si komba, ni jini. Jumatatu watakata mkungu, mti wanamolala komba. Nimewatakia komba kuishi na kusifiwa, nimewaletea shoka. Na nikisema kweli, Shuaibu anatega.

Jumamosi, 7 Septemba
Naandikia hospitali. Nilianguka alfajiri, sijafika hata bakuli la kwanza. Kipimo cha sukari kimesoma ishirini na nne. Habiba akauliza nimekula nini. Nikasema uji usio na sukari. Akatoa kanzu yangu, akajaribu kufungua mfuko. Haukufunguka. Umegandana kwa shira.

 

Jumatatu, 9 Septemba
Nimerudi jana jioni. Leo asubuhi, kabla shoka halijafika mtini, nimemwomba Habiba aniitie Bi Dija na Shuaibu. Nikiwa kitandani nimekiri yote: ndizi, vitumbua, kalimati, asumini. Nikawaomba hasira zao ziishie kwangu, komba hawana kosa.

Bi Dija alicheka hadi akashika nguzo ya kitanda. Alijua tangu ua la kwanza, maana asumini mtaa mzima iko kwetu peke yake. Nikauliza mbona aliendelea kuweka. Akasema mzee wa watu anapenda kitumbua, amwaibishe? Habiba alipomkazia macho, akakumbuka ugonjwa wangu, akaomba radhi.

Shuaibu hakucheka. Aliinama, akafikiri. Kisha akauliza: kama mlaji alikuwa hospitali, ni nani aliyekula jana na juzi?

Sikuelewa. Akaeleza. Mabakuli ya Jumamosi na ya Jumapili yamekutwa hayana ndizi. Maganda chini, yametafunwa ovyo. Vitumbua vimenuswa, vikaachwa. Asumini hakuna. Na jana baada ya magharibi ameona kwa macho yake komba wawili juu ya ukuta wake, mmoja amebeba mtoto.

Nimelia, na sioni haya kuandika. Mkungu haukatwi. Waya wa mtego Shuaibu ataufungia banda la kuku. Bi Dija ametangaza kwamba kuanzia leo bakulini ni maji na tunda tu, kama Mwalimu alivyofundisha. Moyo wangu umetulia. Sasa hata nikiitwa, naondoka mwepesi.

Jumanne, 10 Septemba
Sijaitwa. Nimeamka na njaa.

Habiba amefunga kabati la sukari na ufunguo kautia kwenye pindo la kanga. Uji, maharage, uji. Nimelala nikitazama dirisha, nikafikiri juu ya nyuki. Viumbe muhimu sana, na hakuna anayewajali.

Habiba alipokwenda sokoni, nikamwita mwenye kalimati wa nyumba ya pili, ambaye hakuwepo jana. Nikamweleza kwamba nyuki wa mtaa wamedhoofika, na kwamba kisahani cha shira kikiwekwa dirishani kwangu, hasa hapa karibu na mto wa kitanda, tutawaokoa. Akasema Mwalimu, wewe una huruma sana. Saa nne kisahani kikafika.

Sasa ni saa nne na robo. Nyuki hajaonekana hata mmoja. Kisahani ni kikavu, nimeweka asumini.